Aliyemkanda Kudra

Katika Watanzania wa Mesquite, mji wa kando ya Dallas, ukitaja "Mama Deo" hakuna atakayekuuliza yupi. Wako akina Mama Deo wengine wawili, mmoja Garland na mwingine Arlington, lakini hao mpaka uwataje na mtaa wao. Huyu hakuhitaji mtaa. Jina lake la ubatizo lilikuwa Prudensia, Mhaya wa Bukoba, mwanamke wa umbo la kujaa, sauti ya kuamrisha, na mikono isiyotulia hata padri anapohubiri. Ukilazwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na chupa ya uji. Ukifiwa, unaamka unamkuta jikoni kwako anaosha vyombo usivyokumbuka hata kuvichafua. Watu walimsema kwamba anapenda kujiingiza, na kweli alipenda, lakini waliomsema ndio hao hao waliompigia simu wakibanwa.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea: kuwageuza, kuwaogesha, kuwabadilisha nepi, kuwalisha. Wasomi wetu wengi wanaofika Texas na vyeti vyao huianza kazi hiyo kwa aibu na kuikimbia mara wapatapo ofisi. Prudensia hakuikimbia. Alikuwa na sababu yake, na ingawa hakuisema mara nyingi, ndiyo iliyomwendesha maisha yake yote.

Alipokuwa msichana, Bukoba ilikuwa inazika kila kukicha. Ukimwi ulikuwa umeingia, na hakukuwa na dawa. Kaka yake Kalisti alirudi kutoka Mwanza amekonda, na watu wa ukoo, watu wema wasiokosa misa, wakamtengea sahani yake, kikombe chake na mkeka wake. Chakula chake kilisukumwa mlangoni. Shangazi aliyemwogesha alijifunga mifuko ya nailoni mikononi. Kalisti alimwambia dada yake kwamba ugonjwa anaweza kuuvumilia, asichoweza ni ile mifuko. Alikufa kabla ya Pasaka, na Prudensia akajiapia kwamba yeye hatamgusa mgonjwa kama mtu anayegusa uchafu. Kazini alivaa glovu kwa sababu sheria ilimtaka, na alizivaa akinung'unika.

Mwaka 2018, joto la Texas likiwa bado linachoma, mumewe Method alipasuliwa. Ngiri aliyoificha kwa miaka, kwa ubishi wa kiume tu, ilinasa utumbo akiwa kazini ghalani, akaanguka kando ya mashine yake ya kunyanyulia mizigo. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Mambo yaliharibika baadaye: mshono ulivimba, ukaanza kutoa maji ya rangi mbaya, na homa ikampanda. Wakampa dawa, homa ikashuka kidogo, ikapanda tena. Wakabadilisha dawa, ikawa vilevile. Mwishowe daktari akaja kuwaeleza, amesimama hatua kadhaa kutoka kitandani, kwamba bakteria walioingia kidondani ni sugu. Dawa za kawaida haziwatishi, na hata zile ambazo hospitali huziweka akiba kwa mahututi haziwafanyi kitu. Ilibaki moja, mpya, na hiyo ndiyo waliyomtundikia.

Tangu hapo kila aliyeingia chumbani alivaa joho la njano na glovu. Wanajumuiya walikuja kumwombea, wakapewa majoho mlangoni, na wawili kati yao wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali. Method aliwaona wakigeuka. Siku hiyo hakula.

Siku ya kumrudisha nyumbani nesi alikaa na Prudensia akamfundisha. Avae glovu kila anapogusa kidonda. Taulo za mgonjwa ziwe zake peke yake, zifuliwe kwa maji ya moto na jiki. Asimhudumie mtu mwingine mwenye kidonda bila kuwaambia waganga wake. Prudensia aliitikia yote. Mambo hayo hayo alikuwa akiwafundisha wasichana wapya kazini. Nalisema hili mapema ili asije mtu baadaye akamtetea kwamba hakujua. Alijua.

Lakini alipokifungua kidonda kwa mara ya kwanza pale nyumbani, Method aliitazama mikono yake iliyovaa glovu.

"Na wewe, Pru?"

Akazivua. Toka siku hiyo alimhudumia kwa mikono mitupu, akinawa kwa sabuni mpaka viwikoni kabla na baada, na akaona hiyo inatosha. Pete ya ndoa hakuivua, angeivuaje na vidole vimenenepa hivyo? Taulo alizitenga mwanzoni, halafu mashine za kufulia za jengo lao zikawa na foleni, akaanza kuzichanganya na nguo nyingine. Na Method akapata nafuu. Hilo ndilo lililompa kiburi. Kidonda kilianza kujaa nyama, uso ukarudiwa na rangi, na Prudensia akaamini moyoni kwamba mkono mtupu umefanya kazi ambayo dawa peke yake isingeweza. Pengine kwa Method ilikuwa kweli.

Sasa Kudra. Kudra alikuwa binti wa Tanga aliyekuja Dallas kusoma uhasibu, na mwaka wake wa kwanza aliukaa kwa Prudensia, akilala kwenye chumba cha cherehani. Prudensia alinunua sufuria mpya kabisa ili binti wa Kiislamu asile kilichopikwa kwenye sufuria iliyowahi kupikiwa kitimoto, na Method alipouliza gharama hizo za nini aliambiwa anyamaze ale. Baadaye Kudra aliolewa na Khalfan, kijana mpole aliyefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya Houston, wakahamia Sugar Land, kando ya jiji hilo. Mimba ilipokua, mama yake Kudra alikwenda ubalozini kuomba viza aje kumlea mzazi, akanyimwa. Akarudi tena, akanyimwa tena. Kudra alimpigia Prudensia akilia kwamba hatakuwa na mtu wa kumkanda, atatoka uzazini kama mtu aliyetoka dukani.

Hakuna mwanamke wa kwetu atakayehitaji kuelezwa kilio hicho. Mzazi hukandwa. Maji ya moto, taulo nzito, na mikono ya mwanamke mzima anayejua nguvu ya kuweka na mahali pa kuiweka, ili tumbo lirudi, uchafu utoke na mgongo ulegee. Bila hivyo mwanamke hujiona hajamaliza kuzaa. Prudensia hakumwacha hata amalize kulia. Alimwambia atakuja.

Mtoto alizaliwa kwa kisu, msichana, akaitwa Zuwena, jina la bibi yake wa Tanga, mama yake Kudra. Kidonda cha Method wakati huo kilikuwa kimebaki tundu dogo tu. Deo, mtoto wao aliyekuwa chuoni, alikubali kurudi kulala nyumbani, na nesi wa kutembelea wagonjwa angepita. Prudensia akapakia kwenye gari unga wa uji, pilipili manga, beseni kubwa, na taulo zake nzito kutoka kabatini, akashika barabara ya Houston. Je, alifikiria maneno ya yule nesi? Yalimpitia, alikuja kukiri baadaye, mahali fulani karibu na Corsicana, mji wa njiani. Akajijibu kwamba Method amepona, na kwamba yeye ananawa.

Khalfan alijaribu kusema kwamba daktari amekataza mshono kulowa. Prudensia alimjibu kwamba yeye alikuwa akihudumia vidonda kabla Khalfan hajaota ndevu, na kwamba mshono ataufunika kwa plastiki. Akaufunika kweli. Lakini maji ya moto hayana adabu, hupenya. Asubuhi na jioni Kudra alilala kwenye mkeka bafuni, simu imeegemezwa kwenye kopo juu ya sinki, na ndani ya simu yuko Bibi Zuwena, jioni akiamka usiku wa manane Tanga kwa ajili ya hilo, anasimamia kazi kama mkandarasi. Shuka chini. Hapo, hapo hapo, bonyeza. Mama Deo, mbona unamwonea huruma, huyo ni mzazi siyo yai. Kudra analia na kucheka kwa pamoja, Prudensia jasho linamtiririka, na Khalfan sebuleni anatembea na mtoto huku akimwomba Mungu kazi iishe. Nyumba ilikuwa na furaha. Nani angejua.

Juma halijaisha, Kudra akaamka anatetemeka. Alisema ni maziwa yanamjaa. Prudensia akaenda kumkanda kama kawaida, akafunua shuka, na harufu ikampiga puani. Haikuwa kali. Mtu mwingine angedhani ni jasho, au maziwa yaliyochacha. Yeye aliijua. Alikuwa ameivuta asubuhi na jioni, wiki nenda wiki rudi, juu ya tumbo la mumewe. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akamwita Khalfan, akamwambia washa gari, twende hospitali, sasa hivi.

Hospitalini wakampokea haraka, na hawakukosea chochote ninachoweza kuwalaumu. Daktari wa kike, mwembamba, alimtundikia Kudra dawa ambazo mtu hupewa katika hali ile, akachukua usaha wa kupima maabara, kisha akauliza maswali yake. Aliuliza kama mgonjwa amewahi kulazwa nje ya nchi. Aliuliza kama yuko mtu yeyote anayeishi naye, au anayemhudumia, mwenye kidonda, au mwenye ndugu aliyetoka hospitali karibuni. Khalfan, asiyejua habari za kidonda cha Method, akasema hapana. Halafu, kwa heshima tu, kwa sababu hawezi kujibu mambo ya nyumba mbele ya mtu mzima bila kumgeukia, akamwuliza, "Au vipi, Mama?"

Prudensia alikuwa amempakata mtoto. Akatikisa kichwa kwamba hakuna.

Kwa nini? Aliona aibu. Neno ni dogo, lakini ndilo lenyewe. Aliogopa pia kunyang'anywa cheti cha kazi, na aliogopa uso wa Bibi Zuwena kwenye simu, lakini yote hayo angeyamudu. Asichokimudu ni kusimama pale, mbele ya kijana anayemwita mama, aseme kwamba mikono hii ndiyo iliyoleta. Watu wangemkwepa. Wangepokea uji wake mlangoni na kuumwaga. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kushika wenzake, na asiposhika, angekuwa nani? Akajidanganya kwamba maabara itasema yenyewe. Nalo aliliamini kwa kujilazimisha, maana alishasubiri majibu ya Method na alijua yanavyochelewa.

Kesho yake asubuhi wakamrudisha Kudra chumba cha upasuaji kusafisha kidonda. Alitoka huko hajitambui sawasawa, anamwita mama yake. Simu ya Tanga ikawa inalia kila baada ya muda mfupi, na kila mara Prudensia alimwambia Bibi Zuwena kwamba yuko mikononi mwa Mungu. Mchana presha ikaanza kushuka. Khalfan alikuwa ametoka kuswali kwenye kona ya korido, na aliporudi hakuweza kukaa wala kusimama. Prudensia alimtazama kijana huyo, akamtazama mtoto aliyelala mapajani mwake, na bado mdomo haukufunguka. Nakiri kwamba hapa hasira hunipanda kila nikiisimulia.

Nesi wa zamu ya mchana alikuwa Mkenya, Mkisii, anaitwa Nyaboke. Alipowasikia wanaongea Kiswahili alivuta kiti akakaa karibu na Prudensia, akateremsha sauti.

"Mama, hali ya huyu dada si poa. Dawa haishiki kabisa, na culture, ile majibu ya maabara, bado haijarudi. Daktari ana-guess tu. Kama kuna kitu unajua, hata kadogo, niambie saa hii."

Prudensia akasema. Hakusema kwa ufasaha. Alisema mume wangu ana kidonda, wale bakteria sugu, mimi ndiye ninayemfunga, na mimi ndiye niliyemkanda huyu. Akalitaja jina la dawa iliyomponya Method, akalirudia silabi kwa silabi ili lisipotee. Nyaboke hakumkaripia. Aliinuka akatoka karibu na kukimbia, na hakuwahi kurudi kumwuliza chochote kingine.

Kabla ya jioni dawa ilikuwa imebadilishwa. Lakini mfuko wa uzazi ulikuwa umeshaoza, na daktari alimweleza Khalfan kwamba wakiuacha watampoteza mama. Khalfan akakubali akiwa ameshika ukuta. Wakautoa. Baada ya hapo homa ilianza kushuka kidogo kidogo, na Kudra akaishi. Mtoto wao wa kwanza akawa ndiye wa mwisho.

Halafu likaja jambo ambalo Prudensia hakulitegemea. Akasifiwa. Khalfan alimpigia kila mtu kwamba Mama Deo alikumbuka habari ya mumewe, akawaambia madaktari, na asingekumbuka leo tungekuwa tunachimba kaburi. Kundi la simu la Watanzania wa Texas likajaa shukrani na mikono ya kuomba dua. Bibi Zuwena akatuma ujumbe wa sauti, analia, anamwombea Prudensia kwa Mola, anaibariki mikono yake. Prudensia aliusikiliza mara moja, hakuweza kuumaliza. Wala hakumsahihisha mtu.

Majibu ya maabara yalithibitisha kwamba bakteria ni wale wale. Kama walipita kwenye taulo, au chini ya pete, au kwenye kucha, hakuna aliyeweza kusema. Watu wa idara ya afya walimpigia Method kumhoji, na hivyo ndivyo alivyopata habari. Alimpigia mkewe akasema kumbe imetoka kwenye kidonda chake. Prudensia alimkatalia, akamwambia hapana, imetoka kwangu mimi. Baada ya siku chache Deo akamwambia mama yake kwa simu kwamba Baba amehamia sebuleni, ana sahani yake na kikombe chake, na hataki mtu akae kochi moja naye. Prudensia alikata simu akaingia bafuni kwa Kudra, akafungua bomba ili asisikike.

Khalfan alimwomba asiondoke, naye akabaki Sugar Land kumlea mtoto. Alimlisha kwa chupa, akiwa na glovu mkononi hata wakati wa kumbembeleza, na alitupa jozi baada ya jozi. Zile taulo alizifunga kwenye mfuko akazitupa, na beseni nalo. Ngozi ya mikono yake ilichanika kwa sabuni na dawa. Alikonda. Khalfan alidhani ni uchovu, akawa anamletea chakula cha kununua na kumwita mama wa dhahabu.

Kudra alirudi nyumbani majira ya joto yakiwa yamekwisha, mwili umebaki mifupa. Walimweka kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni. Siku ya kwanza na ya pili alisinzia hapo. Siku iliyofuata Khalfan alikwenda kazini, na Prudensia alikuwa anamcheulisha mtoto begani, anazunguka naye sebuleni, Kudra anawatazama.

"Khalfan ananiambia daktari alikuuliza siku ile tulipofika," alisema Kudra. Sauti yake ilikuwa bado ya mgonjwa. "Alikuuliza kama kuna mtu ana kidonda, ukasema hakuna. Halafu kesho yake ukakumbuka."

Prudensia akasimama.

"Wewe unamfunga Baba Deo kila siku, asubuhi na jioni. Ulikuwa unaniambia kwenye simu. Nimelala pale hospitali nawaza, mtu anasahauje kitu kama hicho?"

Hapo angeweza kusema alichanganyikiwa. Angeaminika. Khalfan angemtetea, Tanga ingemtetea, na Kudra mwenyewe, kwa jinsi alivyompenda, huenda alikuwa anaomba kimoyomoyo aambiwe hivyo. Prudensia aliliona neno hilo liko tayari mdomoni, jepesi, halina kazi yoyote ila kutoka.

"Sikusahau," alisema.

"Ulijua lini?"

"Nilipofunua shuka. Kabla hatujatoka hapa nyumbani."

Kudra aliweka mkono juu ya tumbo, akauacha hapo. Hakulia. Alimtazama mwanamke yule aliyemnunulia sufuria, aliyempokea uwanja wa ndege akiwa hana hata koti, akamtazama kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Mtoto alicheua, akaanza kuguna.

"Nipe mwanangu," alisema.

Prudensia akampa.